Hesabu Iliyojificha Katika Kipimo cha Kunusa

Mwulize mgonjwa kama ananusa vizuri, na mara nyingi jibu halitakusaidia. Uwezo huo hupungua polepole. Mwenyewe hulalamika tu kwamba chakula hakina ladha. Ndiyo maana wapimaji waliacha kuuliza, wakaanza kutega.

Mtego maarufu ni wa Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, uliotoka mwaka 1984. Una harufu 40 zilizofungiwa ndani ya chembe ndogo mno kwenye karatasi. Mgonjwa anakwaruza, ananusa, anachagua jibu moja kati ya manne. Hata asiponusa kitu, lazima achague. Ufundi wote uko kwenye hiyo “lazima”, kwa sababu asiyenusa kabisa atapata takriban 10 kwa kubahatisha. Anayejifanya hanusi, labda anadai fidia ya ajali, hukwepa majibu sahihi na kupata chache kuliko hizo. Kupata sifuri kwa bahati mbaya tu hutokea kama mara 1 katika 100,000. Mwongo amejifunga mwenyewe.

Lakini maswali 40 yanakula muda, na foleni ya kliniki haina subira. Wajerumani walitoa miaka ya 1990 kalamu mithili ya zile za kuandikia ubaoni, ila zimetiwa harufu badala ya wino. Unafungua kifuniko, unaisogeza karibu na pua kwa sekunde chache, basi. Kwa kuchuja wagonjwa hutumika kalamu 12. Hapo hesabu inageuka: kwa maswali 12, sifuri ya bahati mbaya hutokea kama mara 3 katika 100. Kipimo kifupi kinatosha kumtambua wa kupelekwa mbele, ila hakifai kumwita mtu mwongo.

Kasoro nyingine naiona kubwa zaidi kwetu. Karatasi za Marekani zina harufu ya pai ya maboga na ya soda ya mizizi. Mzee wa Pemba atakosea hizo akiwa na pua nzima, ilhali karafuu, iliyomo kwenye kalamu za Kijerumani, ataitaja kabla hujamaliza kufungua kifuniko. Anayetaka kuleta vipimo hivi hospitalini kwake aanze kwa kuwanusisha watu wazima wenye afya wa eneo lake, na kila harufu wasiyoitambua wengi wao aiondoe.