Wati si Nyuzi

Katika maelekezo ya taa moja ya mezani tuliyoletewa tuyapitie, onyo lisemalo kwamba balbu isizidi wati 60 limefasiriwa "joto lisizidi nyuzi 60". Mfasiri hakukosa bidii, bali amekosa istilahi. Hata hivyo msomaji hana namna ya kulitii onyo hilo, kwani balbu madukani haziandikwi nyuzi. Atafunga ya wati 100, na chengeu cha plastiki kitaungua.

Kosa limeanzia katika neno "joto", ambalo katika mazungumzo hubeba maana mbili bila kumtatiza mtu: nishati inayotoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na kiwango kinachosomwa katika kipimajoto. Asemaye "leo kuna joto" hana haja ya kuzitenga. Mfasiri wa fizikia anayo. Twaonelea basi "joto" libaki na maana ya kwanza, na "halijoto" ichukue ya pili. Wapo wapendao "jotoridi". Hatugombani nao, mradi mwandishi asiyachanganye maneno hayo mawili katika kitabu kimoja.

Wati haipimi lolote kati ya hayo. Hupima nishati itumikayo kwa kila sekunde: wati 60 ni jouli 60 kwa sekunde. Katika balbu ya uzi, zaidi ya asilimia 90 ya nishati hiyo hutoka ikiwa joto. Lakini halijoto itakayofikiwa hutegemea pia ukubwa wa kitu na jinsi joto linavyopata njia ya kutoka. Pasi ya wati 1,000 haifiki nyuzi 250 za Selsiasi; uzi wa tungsteni katika balbu ya wati 40, mwembamba kama unywele, hupita nyuzi 2,000. Mwalimu mwenye pasi na balbu hahitaji maabara.

Taa za siku hizi zimeleta utata mwingine. Makasha yake huandikwa kelvini 2,700 au 6,500, na wafasiri huita ya kwanza "mwanga wa joto", ya pili "mwanga wa baridi". Mwanafunzi atauliza, na kwa haki, kwa nini namba kubwa ndiyo ya baridi. Hapa kinachotajwa ni rangi tu, wala taa yenyewe haifikii halijoto hiyo. "Mwanga wa manjano" na "mwanga mweupe" yangetosha.