Steringi Amemkaa Mwenzake?

Katika saluni ninayosukia, runinga imetundikwa juu ya kioo, na kuanzia asubuhi hadi jioni ni season za Kikorea tu. Draya zikishawashwa hakuna anayesikia neno. Lakini watu wanacheka, tena wanacheka pale pale panapochekesha. Msusi akisimamisha kitana hewani, ujue kule juu wawili wametazamana. Kwenye kiti kile ndipo nilipopata kipimo changu cha steringi wa season za mapenzi na vichekesho: mtazame bila sauti.

Watazamaji wa Kiswahili tumekizoea kipimo hiki kuliko tunavyodhani. Filamu zilizotiwa maneno na Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya zina sauti ya mwanamume mmoja anayewasemea wote: baba, binti, askari na adui. Binti anaposemewa maneno ya huba kwa besi nzito namna ile, nawe bado ukaamini kuwa amependa, basi kazi imefanywa na macho, mabega na mikono ya mwigizaji. Sauti haikumbeba.

Kosa la kwanza la wengi wetu ni kuwapima steringi mmoja mmoja. Mzuri huyu, mzuri yule, basi wataendana. Hata nguo haipimwi hivyo. Shati zuri na suruali nzuri vinaweza kuvaliwa pamoja na vikamtia mtu aibu. Waliotengeneza *Cheers*, ile komedi ya baa ya Boston iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1982, walilijua hilo, wakawajaribu waigizaji wawili wawili. Sam, mwenye baa, alikuwa ameandikwa kama mchezaji mstaafu wa futiboli ya Kimarekani, na mmoja wa waliojaribiwa, Fred Dryer, alikuwa ameucheza mchezo huo kwelikweli kama mtaalamu. Nafasi akapewa Ted Danson, Shelley Long akawa mwenzake, kisha Sam akageuzwa kuwa mchezaji wa besiboli. Hadithi ilikatwa upya iwakae wawili hao. Fundi mzuri hufanya hivyo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni *My Lovely Sam Soon* ya mwaka 2005, yenye sehemu 16. Kwenye tangazo ungeapa kwamba hawaendani. Kim Sun-a aliongeza uzito kwa ajili ya nafasi ya mpishi wa keki mwenye miaka 30, asiyelipenda jina lake la kizamani. Hyun Bin, aliyecheza mwenye mgahawa, alikuwa na miaka 22 tu, mdogo kwa mwenzake nje ya hadithi na ndani yake pia. Sasa tazama mwanzo wake. Ni mkesha wa Krismasi, Sam-soon ameachwa na mpenzi wake, naye analia chooni, tena choo cha wanaume, wanja umemtiririka mashavuni. Mwigizaji anayeulinda uzuri wake angelia kwa chozi moja, taratibu, upande ule unaopendwa na kamera. Kim Sun-a analia kama mtu aliyesahau kwamba ana uso. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza: je, steringi yuko tayari kuonekana kituko? Na akishaonekana kituko, heshima yake inabaki? Sam-soon tunamcheka, ila ole wake mwingine atakayemcheka.

Kwa upande wa mwanamume kazi ni nyingine, na si nyepesi. Tajiri kijana mwenye kiburi ni mhusika anayejirudia katika season hizi kama pilau harusini. Akizidisha dharau, tunamchukia hadi mwisho na hatutaki binti ampate. Akiwa mpole mno, hakuna cha kuchekesha. Hyun Bin aliimudu nafasi ile kwa sababu kiburi chake kinaonekana ni cha kuvaa: mtu mzima wa kuazima, na kijana anachungulia kwa ndani. Umri wake mdogo, uliodhaniwa kuwa kasoro, ukawa ndio siri.

Kuna jaribio gumu zaidi. *Coffee Prince* ya mwaka 2007 inamtaka Yoon Eun-hye awe msichana anayedhaniwa mvulana. Mtazamaji hadanganyiki hata dakika moja. Watu wakamkagua yeye, nywele, mwendo, sauti, ilhali aliyepaswa kukaguliwa ni Gong Yoo, anayecheza mwanamume anayempenda. Tukiamini kwamba *yeye* ameamini, na kwamba moyo unamsumbua kwa kumpenda anayemdhani mwanamume mwenzake, hadithi inasimama. Mimi niliamini. Kwa hiyo ukiona mmoja amefaulu, usikimbilie kumpa sifa zote, mtazame anayemsikiliza.

Busu ni kipimo hafifu, sitapoteza muda. Ndoa nayo vivyo hivyo. Hyun Bin na Son Ye-jin walifunga ndoa Machi 2022, miaka miwili baada ya *Crash Landing on You*, season waliyoigiza pamoja, kumalizika, na mashabiki huitaja harusi ile kama hati ya ushahidi. Siipokei. Mume na mke wa kweli wanaweza kuigiza pamoja ukadhani wanagombea urithi. Ushahidi umo ndani ya kazi yenyewe. Mwaka 2018 wawili hawa walikuwa wameshacheza filamu ya *The Negotiation*, Son Ye-jin mpatanishi na Hyun Bin mteka watu, wakikabiliana zaidi kupitia skrini. Huenda hiyo ndiyo shule iliyowafundisha kutazamana.

Katika sehemu ya nne ya *Crash Landing on You*, Se-ri (Son Ye-jin), mrithi tajiri wa Korea Kusini aliyeangukia Kaskazini kwa mwavuli wa kurukia, anapotea sokoni usiku. Awali alimwagiza kapteni wa jeshi la huko (Hyun Bin) mshumaa wa kunukia, naye akamletea mshumaa wa kawaida. Sasa kapteni anasimama katikati ya umati, ameinua mshumaa juu ili aonekane, na safari hii ni wa kunukia. Tazama mkono wake usivyotikisika. Tazama uso wa Se-ri unavyopita kutoka hofu hadi kitu kingine, bila haraka.

Siku sehemu hiyo ilipoonyeshwa saluni, mteja mmoja alitoa kichwa chini ya draya akauliza, "Jamani, yule kaka kasemaje?"

Msusi hakugeuka. "Dada, kwani kasema kitu?"