Ufundi wa Kuwaachia Wengine Kazi

Mwaka 1961 jarida la Tropical Fish Hobbyist la Marekani lilichapisha makala ya Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa Jakarta, Indonesia. Wakati ule wengi waliofuga samaki wa baharini majumbani waliamini kwamba usalama ni kuua kila kisichohitajika. Matumbawe yalilowekwa kwenye dawa mpaka yakawa meupe pe, na chochote kilichoota kwenye kioo kilikwanguliwa. Lee alifanya kinyume. Aliweka ndani ya tangi mawe ya baharini pamoja na vyote vilivyoishi juu yake na ndani yake, akajaza maji ya bahari, akaruhusu jua liingie, kisha akatumbukiza mpira mwembamba uliotoa mapovu ya hewa taratibu. Kichujio hakuwa nacho. Samaki wake waliishi, na matumbawe yakaishi pamoja nao.

Nauheshimu ufundi huu kwa sababu hodari wake hupimwa kwa kazi aliyojua kuwaachia wengine. Mwenye fedha anaweza kununua mashine na dawa za kusafisha maji. Kuwakusanya viumbe ambao kila mmoja anaishi kwa taka za mwenzake, kisha kuwapa nafasi na muda wa kuzoeana, kunahitaji jicho na subira.

Kazi huanza na jiwe. Watunza matangi huliita mwamba hai, ingawa lenyewe ni mabaki ya matumbawe yaliyokufa zamani. Uhai umo kwenye matundu yake. Samaki akila hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye mashavu yake, na amonia hata kidogo tu humuunguza. Juu ya jiwe, maji yanapopita na oksijeni ya kutosha, wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba bakteria hawa hupata nguvu ya kuishi kutokana na mageuzi hayo hayo. Ndani zaidi ya jiwe, oksijeni isikofika, kuna bakteria wa namna nyingine. Hao huitumia nitrati badala ya oksijeni na kuiacha ikiwa gesi ya nitrojeni, inayopanda na kurudi hewani. Jiwe moja basi linafanya kazi mbili zisizoweza kufanyika mahali pamoja, moja juu na nyingine kiinini.

Ndiyo maana mtunzaji mzoefu hulipima jiwe kwa mkono kabla ya kulitazama rangi. Analitaka liwe jepesi kuliko linavyoonekana, maana wepesi ni dalili ya matundu. Kisha hulinusa. Jiwe zima linanukia bahari. Lililobeba sponji waliokufa linanuka uozo, na likiingia tangini hivyo litaharibu maji yote. Hapo ndipo subira ya kwanza inapodaiwa. Jiwe hukaa kwenye pipa la maji ya chumvi yenye joto na mzunguko, gizani, kwa wiki kadhaa, kilichokufa kikioza na kuondoka, mpaka harufu ya bahari irudi.

Kupanga mawe nako ni elimu. Yale ya chini hukalishwa juu ya kioo chenyewe kabla ya mchanga kumwagwa, ili samaki au kamba anayechimba asije akaubomoa mlima mzima. Huachwa njia kati ya jiwe na jiwe, maji yapite pande zote, kwa sababu penye maji yaliyotuama uchafu hutulia na kuoza. Anayejua kupanga hupata mapango, vivuli na madirisha, na mkondo wa maji hufika kila pembe.

Halafu huja kusubiri. Tangi jipya hupitia mzunguko wake wa kwanza kwa muda ambao mara nyingi ni wiki nne hadi sita. Mtunzaji hudondoshea dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji na kutazama rangi: amonia inapanda, kisha inashuka, nitriti inapanda nyuma yake, nayo inashuka. Juu ya mchanga hutokea utando wa kahawia wa daiatomu, kisha kijani, na baadaye sana madoa ya waridi na zambarau ya mwani wenye chokaa, ule unaoshikamanisha miamba baharini. Kila rangi inaeleza nani amefika na nani anafuata. Kukwangua kahawia kwa pupa hakuleti waridi mapema. Konokono huingizwa kukiwa na cha kula, na samaki wa kwanza huingia maji yanapoweza kumpokea.

Chini ya mawe kuna mchanga, na mchanga nao una ngazi zake. Ukiwa wa chembe laini za chokaa, na kina cha sentimita 10 au zaidi, oksijeni hukoma karibu na juu, na chini yake nitrati hugeuka gesi. Kwenye kioo unaweza kuona viputo vidogo vilivyonaswa kati ya chembe. Minyoo na konokono wadogo huufungua mchanga pole pole bila kuuchafua. Mkono wa mtu hauwezi kazi hiyo. Ukiuvuruga mchanga mzito uliotulia kwa miaka, unaweza kufungulia hidrojeni salfaidi, gesi inayonuka yai viza na inayoua. Mwanabiolojia Mfaransa Jean Jaubert aliunda njia yake katika miaka ya 1980, iliyotumika pia kwenye Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco. Aliulaza mchanga juu ya bamba lenye matundu, akiacha chini yake tabaka jembamba la maji matulivu, ili oksijeni ipungue kidogo kidogo badala ya kukatika ghafla. Ni nafasi tupu chini ya mchanga, haina injini wala sehemu inayosogea. Aliyeibuni alikuwa ameelewa bakteria wanataka nini.

Nitrojeni ina mlango wa kutokea hewani. Fosfati haina mlango huo. Inayoingia na chakula hubaki, mpaka kitu kiile na kitu hicho kitolewe. Kazi hiyo ni ya mwani. Pembeni ya tangi kubwa hutengwa chumba kidogo chenye taa yake, na humo huwekwa mwani wa nyuzi za kijani zilizosokotana. Unakua, na kadiri unavyokua unafyonza nitrati na fosfati. Mtunzaji huvuna konzi na kuitoa nje, na pamoja nayo hutoka mbolea yote iliyojengeka ndani yake. Taa ya chumba hicho huwashwa usiku, tangi kubwa linapolala. Gizani viumbe wote hupumua na kuongeza kaboni dayoksaidi, asidi ya maji ikapanda. Mwani ulio mwangani huifyonza saa hizo hizo, na maji yakabaki karibu na hali yake ya mchana. Walter Adey wa Smithsonian, Marekani, aliipeleka mbali fikra hii. Alikuza zulia fupi la mwani juu ya wavu, akalipiga kwa mawimbi madogo na mwanga mkali, na kulikwangua mara kwa mara. Mwani ambao wengine waliuona ni adui akaugeuza kuwa figo za tangi.

Ujerumani, watunzaji wa Berlin walichukua mwamba hai na taa kali wakaviunganisha na mtambo wa povu. Anayetembea pwani siku za kusi ameliona povu la manjano ambalo mawimbi hulisukuma mchangani. Mabaki ya protini hung'ang'ania ngozi ya kiputo, na upepo huyabeba nje ya maji. Mtambo ule hufanya hivyo hivyo ndani ya bomba, ukiwahi taka kabla hazijaoza.

Baada ya hayo wako vibarua wa kila siku. Jongoo bahari humeza mchanga na kuutoa ukiwa safi. Nyota wa bahari wenye mikono myembamba hutoka usiku kutafuta makombo nyuma ya mawe. Kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono hufika mahali pasipofikika kwa brashi. Idadi yao ina kipimo: wakizidi chakula hufa, na maiti yao huwa mzigo kwa maji waliyoletwa kuyasafisha. Kwa hiyo mtunzaji mzuri hulisha kidogo, huongeza mmoja mmoja, hubadilisha sehemu ya maji kwa ratiba, na hutazama sana. Akiona badiliko, hugusa jambo moja, kisha husubiri aone jibu.

Ushahidi wa ufundi huu ni matumbawe yenyewe yakikua. Hayo hayavumilii maji mabovu, na hayadanganywi na kioo kinachong'aa. Dietrich Stüber, mmoja wa watunzaji wale wa Berlin, alikuza Acropora, aina ya matumbawe, ambayo vipande vyake viligawiwa kwa wapenzi wa matangi, vikamea na kugawiwa tena, mpaka vikasambaa Ulaya na kwingineko vikibeba jina lake. Hapo ndipo ninapoona thamani kamili ya subira hii. Tangi lililotulia huzalisha, na kila tawi linalokatwa humo na kupewa jirani ni tawi moja ambalo halikuvunjwa kwenye mwamba wa bahari. Mwenye tangi kama hilo ameacha kuwa mnunuzi wa uzuri wa bahari na amekuwa mmoja wa wanaouongeza.