Ukimya wa Binti Mfalme katika The Little Mermaid (1989)
Uhakiki wa filamu za katuni zitokanazo na ngano umezoea kushutumu urembo wa binti mfalme. Kwa maoni yetu, suala zito zaidi ni ukimya wake. Katika Sleeping Beauty (1959), Aurora hatamki neno tena baada ya tukio la kuelezwa nasaba yake, ingawa hadithi ni yake. The Little Mermaid ni tata zaidi. Ursula, mchawi wa baharini, anamwambia Ariel kwamba wanaume wa nchi kavu hawapendi mwanamke msemaji. Kwa kuwa kauli hiyo inatoka kinywani mwa mhusika mwovu, mtazamaji hudhani filamu inaipinga. Msuko, hata hivyo, unaelekea kuithibitisha: Ariel akiwa bubu, Eric anakaribia kumbusu mashuani. Ni kweli kwamba Eric anaitafuta sauti ya aliyemwokoa, lakini anaitafuta kama wimbo, si kama rai. Sauti inaporejea, anayemwua Ursula kwa omo ya meli ni Eric, na anayempa Ariel miguu ya kudumu ni baba yake, Triton. Katika ngano ya Andersen (1837), nguva hukatwa ulimi, wala haupati tena, wala haolewi na mwana wa mfalme; filamu imeifuta gharama hiyo.