Harara ya Dhahiri na ya Batini

Asimamaye kando ya kiwanja cha ndege cha Bangboka, mashariki ya mji wa Kisangani, ambako jua la istiwai huichemsha lami tangu asubuhi, ataona ndege ikigusa ardhi na moshi ukifuka chini yake, naye aghalabu atadhani kuwa matairi yamekwisha pata moto. Sivyo. Gurudumu lilishuka halizunguki, tena limetoka juu penye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Likakwaruzwa kitambo kidogo, likaungua ngozi, ilhali batini yake ingali baridi. Harara yenyewe hutoka kwenye breki, ikapenya rimu taratibu, ikafika kilele chake abiria wamekwisha shuka na kugombea mizigo. Ndiyo maana rimu hutiwa vizibo viyeyukavyo, vipate kuitoa naitrojeni iliyomo tairini kabla tairi halijapasuka.

Ubaridi huu wa batini ndio uliowatesa madereva wa mashindano ya magari ya saa 6 huko Spa, Ubelgiji, Aprili 2023, mwaka ambao vipasha-matairi vilikuwa vimeharimishwa. Toyota ya Brendon Hartley iligonga kingo katika majaribio ya kupanga nafasi. Ferrari ya Antonio Fuoco, punde tu baada ya kutiwa matairi mapya, ikamponyoka. Kwa mashindano ya Le Mans, mwezi Juni, wakuu wakaregeza kamba, wakaviruhusu vipasha-matairi.

Watazamaji hupenda kuona gari likiyumbishwa kama mlevi kabla ya mbio, ili matairi yapate moto. Hila hiyo si bure, lakini huchoma ngozi, nayo ngozi hupoa mara gari linyookapo. Mwenye maarifa huminya breki kwa nguvu huku mguu wa pili ungali kwenye mafuta, harara ya sahani ipite rimu, iingie katika upepo wa tairi, na kutoka humo iufikie mwili wa tairi lenyewe.

Iko njia ya tatu, ya kupinda na kunyooka kwa tairi chini ya mzigo, nayo si ya kuchezewa. Julai 1991 ndege ya DC-8 iliyokuwa ikiwarejesha mahujaji Sokoto, Nijeria, iliondoka Jeddah na matairi yaliyopungukiwa upepo. Yakapinda kupita kiasi, yakapasuka, yakawaka, wakafa watu 261 wote waliokuwamo. Fundi wa mashindano huitafuta harara iyo hiyo kwa kibaba: hupunguza upepo kidogo, akatazama kipimo, akapunguza tena.