Bomba Lilivuka Mutukula, Tathmini Ikabaki Mpakani

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Kati ya hizo, 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania. Bomba linapovuka mpaka karibu na Mutukula, tathmini ya athari zake kwa mazingira nayo ilikatwa hapohapo ikawa vipande viwili. Kipande cha Tanzania kilikwenda kwa baraza la mazingira la nchi hiyo, NEMC, na kupata cheti mwishoni mwa 2019. Kipande cha Uganda kilikwenda kwa mamlaka ya mazingira ya huko, NEMA ya Kampala, kikapata cheti Desemba 2020.

Tofauti hiyo ya mwaka mmoja wengi waliiona kama urasimu wa kawaida. Mimi naiona kama swali la kitaalamu: Tanzania iliidhinisha nini hasa mwaka 2019, wakati kichwa cha bomba hilohilo kilikuwa bado kinajadiliwa Kampala?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya aina ya mafuta yenyewe. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba hili la inchi 24 limevishwa kizuia joto, likawekewa nyaya za umeme za kulipasha, kisha likafukiwa, ili mafuta yabaki na joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi njia nzima. Vituo vya kusukuma mafuta ni sita, viwili Uganda na vinne Tanzania. Huu ni mtambo mmoja. Uamuzi kuhusu joto, vali au utaratibu wa kuzima pampu upande wa juu unagusa upande wa chini saa hiyohiyo. Mkaguzi aliyeko Dodoma anayesoma kurasa za kuanzia kilomita ya 297 anasoma hadithi iliyoanzia katikati.

Na visima vyenyewe? Hivyo navyo vilikuwa na mafaili yao. Mradi wa Tilenga, ambao sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, ulipata cheti 2019. Kingfisher, ulio ukingoni mwa Ziwa Albert, ulipata cheti 2020. Ukihesabu kuanzia kisimani hadi melini, mfumo mmoja wa mafuta ulipita kwa vyeti visivyopungua vinne. Athari limbikizi, yaani zile zinazoonekana tu unapojumlisha mradi na mradi, ndizo za kwanza kupotea katika mgawanyo wa namna hii. Kila ripoti inaweza kuzitaja kwa uaminifu kabisa, lakini hakuna mamlaka hata moja yenye jukumu la kusema ndiyo au hapana kwa jumla yake.

Tuwe wa haki. Ripoti mbili za bomba hazikuwa wageni wasiojuana. Mwendelezaji alikuwa mmoja, na alijifunga kwa vigezo vilevile vya Shirika la Fedha la Kimataifa pande zote mbili, kwa hiyo mbinu za kupima udongo, maji, wanyama na maisha ya watu zinafanana. Uganda iliendesha vikao vya hadhara Oktoba 2019 katika eneo la mradi, tena ikaiomba tume ya Uholanzi ya tathmini za mazingira ipitie ripoti yake. Kazi ilifanyika. Ila angalia nani aliyeunganisha pande mbili: ni mwombaji wa kibali. Mamlaka zilizotakiwa kumhoji zilikaa kila moja kwake, yeye akiwa ndiye pekee mwenye picha nzima mkononi. Katika kazi ya ukaguzi, hapo mizani imekwisha kulala upande mmoja.

Wala haikuwa kwamba nchi hizi mbili haziwezi kufanya kazi pamoja. Njia ya Tanga ilichaguliwa Aprili 2016, baada ya ile ya Kenya kupitia Lokichar hadi Lamu kuachwa. Mei 26, 2017 mkataba wa serikali hizi mbili ulikuwa umeshasainiwa, na Agosti mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa Chongoleani. Kwa mradi wa ukubwa huu, kasi hiyo ni ya kushangaza. Wanasheria, watu wa kodi na watu wa nishati walikaa meza moja wakaandika kanuni moja. Watu wa mazingira hawakupata meza ya namna hiyo.

Mpangilio huo wa tarehe ndio kasoro kubwa kuliko zote, kuliko hata ule mkato wa Mutukula. Sura iliyo moyo wa tathmini yoyote ni ile ya njia mbadala: tupite wapi, tukwepe nini, na tusipojenga itakuwaje. Jiwe la msingi likiwekwa miaka miwili kabla ya cheti, sura hiyo inabaki kueleza uamuzi uliokwisha kufanywa. Mtaalamu anaweza kusogeza mkuza wa mita 30 ukwepe kijiji au chemchemi, lakini hawezi tena kuuliza kama mkuza upite bonde la Ziwa Victoria au usipite. Na karibu theluthi ya njia imo ndani ya bonde hilo.

Jambo hili limewahi kufanywa kwa namna nyingine, tena kwa bomba. Mkataba wa Espoo, uliosainiwa Finland mwaka 1991 na kuanza kutumika 1997, unaitaka nchi yenye mradi kumpa jirani taarifa mapema, kumshirikisha katika kupanga kitakachochunguzwa, kusikiliza wananchi wake, kisha kushauriana naye kabla ya uamuzi. Bomba la gesi la Nord Stream, kilomita 1,224 chini ya Bahari ya Baltiki, lilipita maji ya nchi tano: Urusi, Finland, Sweden, Denmark na Ujerumani. Taarifa ya pamoja ilitumwa Novemba 2006 pia kwa Estonia, Latvia, Lithuania na Poland, ambazo bomba halikupita kwao. Ripoti ya pamoja ilitoka Machi 2009 ikiwa katika lugha za nchi zote tisa. Urusi ilikuwa imeusaini mkataba bila kuuridhia, hata hivyo iliingia katika utaratibu.

Vibali bado vilitolewa na kila nchi kwa sheria zake. Kilichokuwa kimoja ni ushahidi na kalenda. Na majirani walibadilisha mambo: jukwaa la huduma lililopangwa kujengwa baharini karibu na kisiwa cha Gotland liliondolewa katika mpango mwaka 2008 baada ya mashaka ya Sweden, na njia karibu na Bornholm ilihamishwa zaidi ya mara moja. Sisemi wote waliridhika. Estonia ilikataa uchunguzi wa sakafu ya bahari yake mwaka 2007, na Poland ililalamika hadi mwisho. Utaratibu huu haumpi jirani kura ya turufu. Unampa nafasi ya kusikika wakati penseli bado haijageuka wino.

Huku kwetu, jirani ambaye hakuwa na kiti ni Kenya. Ziwa Victoria ni la Tanzania kwa asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6, lakini maji hayagawanyiki kwa asilimia. Baharini hoja ni nzito zaidi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi kwa kasi na wakati wa kaskazi kwa ulegevu. Mvuvi wa Moa au wa Vanga hahitaji ripoti kumweleza kitu kilichomwagika Chongoleani kitaelekea wapi. Huko Ziwa Albert, ng'ambo ya Kingfisher ni Ituri, Kongo, na visima vya mradi huo vinachimbwa kutoka nchi kavu kwenda chini ya ziwa hilo. Kongo nayo haikuwa na sauti katika kutoa vyeti.

Sheria hazikosekani. Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria ya 2003 inadai tathmini. Mkataba wa Nairobi wa 1985 kuhusu bahari yetu unadai vilevile. Itifaki ya Mazingira ya Afrika Mashariki ya 2006 ndiyo ingefaa zaidi, lakini vyeti vilipotolewa Tanzania ilikuwa haijairidhia. Juu ya hayo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri la Argentina na Uruguay mwaka 2010 kuhusu viwanda vya massa ya karatasi, ilisema tathmini ni wajibu wa sheria ya kimataifa pale mradi unapoweza kuleta madhara makubwa ng'ambo ya mpaka. Kinachokosekana ni ratiba: nani anamwandikia nani, lini, na jibu linaingia wapi.

Bila ratiba, hata mahakama inapata tabu. Mashirika manne ya kiraia yalifungua shauri la kulipinga bomba hili Arusha Novemba 2020. Mwaka 2023 Divisheni ya Mwanzo ya Mahakama ya Afrika Mashariki ililitupa kwa kuchelewa: miezi miwili ya kisheria ilihesabiwa kuanzia mkataba wa 2017. Soma tarehe hizo tena. Muda wa kulalamika uliisha kabla ya ripoti ya nchi yoyote kati ya hizo mbili kupata cheti. Mwananchi alitakiwa apinge athari ambazo hakuna aliyekuwa ameziandika.

Mei 2021 Tanzania na Kenya zilikubaliana kujenga bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Hadidu za rejea za tathmini yake zitakapofika mezani, NEMC na NEMA ya Nairobi zikae pamoja kabla ya mkataba wa serikali kusainiwa: hadidu moja, jopo moja la wakaguzi, vikao vya hadhara pande zote mbili kwa Kiswahili, na vyeti viwili vya tarehe moja. Hilo halihitaji itifaki mpya. Linahitaji wakurugenzi wakuu wawili waandikiane barua mapema.