Anayekupa Filamu Umpime Hivi

Ukimwomba kijana wa kibanda cha muvi akuchagulie kitu cha kutazama usiku, mara nyingi jibu huja upesi: "Chukua hii, kali sana, steringi anawamaliza wote." Hapo bado hujaambiwa kitu, kwa maana maneno hayo hayo ameshampa mteja aliyekutangulia na atampa atakayekufuata. Kupendekeza filamu ni ufundi, nao una mafundi na wababaishaji. Mimi humpima mtu kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, ameniuliza chochote kabla ya kutaja jina la filamu? Nitatazama na nani, nina muda kiasi gani, ni ipi iliyonigusa mara ya mwisho. Anayeuliza anakutafutia wewe. Asiyeuliza anasifu alichokipenda yeye.

Halafu sikiliza anavyoielezea. Katika Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga (2012), Mwas ni kijana wa kijijini mwenye ndoto ya kuwa mwigizaji. Anauza DVD za filamu za mapigano, na ili kuwavuta wateja anawaigizia vipande vyake: sasa ni steringi, sasa ni adui, sauti na mikono vinabadilika papo hapo mbele ya watu. Mteja haambiwi kwamba filamu ni nzuri, anaonjeshwa. Anayekupendekezea hahitaji kuruka sarakasi, lakini akupe walau onyesho moja kwa ukamilifu wake: nani yuko chumbani, anafanya nini, na kwa nini halijamtoka akilini. Akiishia kwenye "stori nzuri, picha safi, wameigiza vizuri", hayo hata aliyetazama trela peke yake anaweza kuyasema.

Wengi hukwepa kueleza kwa kuogopa kumharibia mwenzao utamu. Hofu hiyo ina msingi, ila imevukishwa mpaka. Kuna siri za filamu, na kuna habari ambazo mtazamaji ana haki ya kuzijua kabla hajakaa. Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Jo, binti wa miaka tisa anayezipenda filamu za mashujaa, ana maradhi yasiyopona, na mama yake anamtoa hospitali kumrudisha nyumbani. Dada yake, Mwix, anaanza kuwashawishi wanakijiji wamsaidie Jo aamini kwamba na yeye ana nguvu za ajabu. Nimeisikia ikipendekezwa kama "muvi ya watoto, inachekesha". Inachekesha kweli, na ni miongoni mwa filamu za Kenya ninazozipenda mno. Lakini ukimpa mama aliyezika mtoto mwaka jana bila kumtamkia neno, umemtendea vibaya, hata kama nia yako ilikuwa njema. Mwambie kuhusu ugonjwa, kwa kuwa filamu yenyewe haiufichi tangu mwanzo. Ule mpango wa kijiji unafika wapi, hilo libaki mdomoni mwako. Yanayofahamika katika robo ya kwanza yasemeke, yanayofuata yafungwe.

Habari nyingine ya haki ni ya sebuleni. Nyumba zetu zina watu: baba mkwe amepita kusalimia, watoto wamelala kwenye mkeka, shangazi ana safari kesho lakini hataki kulala. Fundi atakuambia bila kuzunguka, "Hii tazameni wawili," nawe utamshukuru.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mahali na namna ya kutazama. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa katika tamasha la Toronto. Iko Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anaikimbia ndoa na mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, na maisha yanamkutanisha na Denge, mpigania uhuru. Picha zake zimejengwa kwa kivuli na mwanga mchache, na taarabu ndani yake inabeba yale ambayo wahusika hawayatamki. Ukiitazama kwenye simu ndani ya daladala saa saba mchana, utaona zaidi uso wako kwenye kioo. Kama ukumbi wa sinema haupo karibu, anayekupa filamu hii akuambie usubiri usiku, uzime taa na utafute spika ya maana. Aliyesoma riwaya aongezewe neno: mengi ya kitabuni hayamo, na mwendo ni wa taratibu. Kusema hivyo si kuikandia filamu, ni kuilinda. Filamu nzuri ikitua kwa mtu asiye wake, hupata jina baya bure.

Ukipewa filamu iliyotiwa maneno ya msimulizi wa Kiswahili kama Lufufu au DJ Afro, uliza kwanza unapendekezewa nini, filamu au msimulizi. Vyote viwili vinastahili jioni yako, ila havipimwi kwa mizani moja.

Muda nao utajwe. Wazee wanaokumbuka sinema za Kihindi wakikusifia Awara ya Raj Kapoor (1951), wasikilize, lakini ujue inapita saa mbili na nusu. Mpendekezaji hodari atakuonya usizisogeze nyimbo mbele, hasa ule mrefu wa ndoto. Ukiuruka huo, umeuruka moyo wa filamu.

Kabla hujamwamini mtu moja kwa moja, muulize ni filamu gani iliyomchosha ingawa wengine wote waliisifia. Asiyechoshwa na chochote hana ladha ya kukuazima. Anayeweza kutaja ile iliyomchosha na sababu yake, mshike huyo, hata kama hamkubaliani.

Na zamu yako ya kupendekeza ikifika, usimuulize mtu baadaye kama ameipenda. Adabu itamfanya aseme ndiyo. Muulize alifika wapi, na ni mhusika gani aliyemkera. Akikujibu kwamba Vuta N'Kuvute aliiacha katikati kwa sababu aliona hakuna kinachotokea, usibishane naye wala usimdharau. Mara nyingine mpe Nairobi Half Life, ambamo Mwas anaporwa kila alichobeba mara tu anapotia mguu mjini.